Ndonya Chini ya Rangi

Chumba cha Picha,
Hospitali, Nachingwea.
19 Juni 1952

Kwa mdogo wangu Zuena binti Mohamedi, Mtua.

Nakuletea salamu za ndugu ambaye hapitishi siku bila kukutaja. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa mwili, wewe na shemeji Kaimu na mwanetu Mwanaima. Goti la shemeji limepata nafuu, au bado linamsumbua asubuhi? Na ufuta je, mmeshaukata, au bado umesimama? Nimesikia kwa watu wa lori kwamba upande wenu panya wamekuwa wengi mwaka huu. Mimi huku sijambo. Macho ndiyo yananidai, lakini daktari amenipa miwani nyingine, na kwa miwani hiyo naandika maneno haya bila kuinama sana.

Kabla hujaendelea nina ombi moja. Najua siku hizi umezoea kumpa Mwanaima barua akusomee huku wewe ukipepeta. Barua hii usimpe. Isome mwenyewe, polepole, hata ikikuchukua siku mbili. Mimi ndiye niliyekufundisha herufi kwa kijiti mchangani, najua unaweza. Ukishaisoma yote, utaamua mwenyewe kama naye aisome.

Ubao wenye picha ya mama yetu ulifika salama. Saturnini, yule dereva wa lori, aliuleta mpaka mlangoni kwangu ukiwa umefungwa kaniki na kamba kama ulivyoufunga. Alinilalamikia kwamba amemkalisha mama yetu kiti cha mbele kama bibi harusi, na abiria aliyelipa nauli yake akapanda juu ya magunia ya muhogo. Nikamwambia ahsante. Akasema mama yetu ni abiria mzuri kuliko wengi anaowabeba, maana hatapiki wala haulizi tumefika wapi.

Ndani ya kaniki nilikuta karatasi yako yenye maneno sita: “Kaka, choma. Mkono wangu umekataa kuchoma.” Nilielewa. Habari za posa ya Mwanaima zilikuwa zimeshanifikia. Nilijua kwamba kijana Amri wa Lionja anampenda, kwamba baba yake, Mzee Mikidadi, hana neno, lakini bibi yake, Bi Mwamina, amesimama katikati. Nilijua pia maneno aliyoyasema, kwamba mjukuu wake hataingia katika nyumba ambayo wanawake huwalilia waume zao wangali hai. Na wewe ukaona kwamba picha ikiwa majivu, maneno nayo yatakwisha.

Sikuichoma. Kwa nini sikuichoma nitakueleza, lakini niruhusu nieleze kwa mpangilio. Unajua tabia yangu. Miaka thelathini ya ualimu haimtoki mtu kwa kuvua koti.

Picha yenyewe tangu utoto wako umeitazama, ila sijui kama umewahi kuitazama kama kitu kilichotengenezwa. Ni ubao wa sanduku la bidhaa, mbao tatu zilizounganishwa kwa misumari. Juu yake pamepakwa rangi za mafuta, zile ambazo Wazungu huzitia ndani ya vibomba vya bati. Aliyeichora alikuwa Mjerumani mpima ardhi, ambaye watu wa Ruangwa walimwita Bwana Kamba kwa sababu kila alipokwenda watu wanne walimburutia kamba na minyororo. Mwaka wa 1912 mimi nilikuwa mkalimani wake, kijana wa miaka kumi na saba niliyetoka shule ya serikali ya Lindi. Jioni akimaliza kupima alipenda kuchora watu. Mama yetu alikaa mbele yake siku mbili, kwenye kigoda, na malipo yake yalikuwa mfuko wa chumvi na doti moja ya kanga. Picha akanipa mimi.

Katika picha, mama ameketi upande kidogo, kichwa amekifunga kitambaa cheupe, na mdomo wake ni mtupu. Hana ndonya. Hapo ndipo penye ugomvi wote.

Mwanaima na rika lake hawataelewa, kwa hiyo ukija kumweleza, mweleze hivi. Mama zetu wa Kimwera walitobolewa mdomo wa juu wakiwa wasichana, na tundu likapanuliwa mwaka hadi mwaka mpaka likapokea kisahani cha mpingo, ambacho wengine walikisugua kwa udongo mweupe kikang’aa. Ndiyo ndonya. Kwetu enzi zile mwanamke mwenye mume hakuonekana mbele za watu bila ndonya yake. Akifiwa na mume, dada wa marehemu ndiye aliyemvua, mbele ya wafiwa wote, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa ujane wake wa heshima. Mwanamke aliyejivua mwenyewe, mume akiwa mzima, alikuwa amemzika mumewe kabla ya siku yake. Lilikuwa jambo la kutisha kuliko tusi.

Sasa nirudi hospitali.

Kazi yangu hapa, kama ujuavyo, ni kuandika majina ya wagonjwa wanaokuja kupigwa picha ya mifupa, na kuwatafsiria wale wasiojua Kiswahili vizuri. Mwenye mashine ni kijana Filbert, mtu wa Masasi, mcheshi, mwenye mikono safi na sauti kubwa. Muuguzi wa chumba chetu ni Magreti, binti wa Kimakonde asiyependa upuuzi. Ubao niliuegemeza nyuma ya meza yangu, nikawa nautazama kila ninapoandika jina. Filbert akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema nimefanana naye mapua. Magreti akamwambia aache kuhesabu mapua ya wakubwa zake.

Siku ya pili daktari wetu mkuu alipita, akauona. Ni Mwingereza mpole anayependa kusoma magazeti wakati wa chai. Alisimama akautazama karibu sana, akaupitishia kidole, halafu akatusimulia jambo ambalo mimi sikuwa nimepata kulisikia. Alisema kwao Ulaya kuna majumba yanayotunza picha za kale, na wataalamu wa huko huzipitisha picha hizo kwenye mashine ya eksirei kama sisi tunavyompitisha mgonjwa wa kifua. Mara nyingi huona vitu ambavyo jicho halioni. Chini ya mzee mwenye ndevu hukuta kijana asiye na ndevu. Chini ya bakuli la matunda hukuta mbwa. Ni kwa kuwa mchoraji alibadili mawazo, au mwenye mali alibadili mawazo, akapaka rangi mpya juu ya ile ya zamani.

Filbert alicheka, akasema basi kumbe hata picha zina maradhi ya ndani. Lakini nilimwona macho yamemwaka. Aliuliza inawezekanaje, kwani rangi si mfupa. Na hapa Zuena naomba uvumilie, maana hapa ndipo nilipofurahi kama mwanafunzi.

Miali ya mashine ile hupita kila mahali, ila hupita kwa taabu penye kitu kizito. Nyama ni nyepesi, miali inapita. Mfupa ni mzito kidogo, inakwama. Upande wa pili wa mgonjwa panawekwa filamu, na filamu hiyo miali ikiifikia hugeuka nyeusi. Kwa hiyo penye nyama panakuwa peusi, na penye mfupa, ambapo miali haikufika, panabaki peupe. Picha ile ni kivuli tu, ila ni kivuli cha uzito. Daktari akasema rangi nazo zina uzito wake. Rangi ya kahawia na ya njano hutokana na udongo, nayo ni nyepesi. Nyeusi hutokana na masizi, nyepesi kabisa. Lakini rangi nyeupe ya mafuta ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi, na kila mtu anajua uzito wa risasi. Kwa hiyo popote mchoraji alipotia weupe, hata akaufunika baadaye kwa udongo wa kahawia, miali itapita kwenye udongo kama haupo, na itakwama kwenye weupe ule wa chini.

Nilimwuliza daktari kama tunaweza kujaribu. Hakukataa. Alisema kabatini kuna boksi la filamu ambalo tarehe yake imepita, halifai kwa wagonjwa na linangoja kutupwa. Tuchukue hilo, lakini wagonjwa watangulie wote.

Basi Jumatano mama yetu akapanga foleni. Nasema kweli, alipanga foleni. Filbert alimweka kwenye benchi nje, mwisho kabisa, baada ya mzee mmoja wa Lionja mwenye kikohozi. Mzee yule alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwa Kimwera kwamba mgonjwa wetu huyu ana adabu sana, tangu asubuhi hajakohoa hata mara moja. Mwanamke mwingine akauliza anaumwa wapi. Nikasema mdomo. Sikukusudia kusema hivyo, neno lilitoka tu.

Picha ya kwanza iliharibika. Filbert alitumia kipimo cha kifua cha mtu mzima, na filamu ikatoka nyeusi yote kama chungu. Akapunguza akatumia kipimo cha mguu, bado ikawa nyeusi, ila misumari ya ubao ilianza kuonekana kama sindano nyeupe. Akakaa chini, akafikiri. Mwisho akasema huyu bibi ni mwembamba, tumpime kama tunavyopima mkono wa mtoto mchanga. Alipofanya hivyo akaingia na filamu kwenye chumba cha giza, akaitia kwenye dawa, akaisuuza, akatoka nayo inachuruzika maji, akaitundika mbele ya kile kioo chenye taa nyuma yake.

Zuena, nilimwona mama.

Mistari ya mbao ilionekana kama maji yanayotembea, na misumari, na kati yake uso. Haukuwa na rangi, ulikuwa moshi mweupe juu ya giza. Kitambaa cha kichwa kiling’aa, mkunjo kwa mkunjo. Weupe wa macho uling’aa, na kimstari kidogo juu ya pua ambapo mchoraji aliweka mwanga. Zilionekana hata nyendo za brashi yake, alivyopitisha haraka hapa na alivyosita pale. Na juu ya mdomo wa mama, mahali ambapo kwenye ubao pana ngozi tupu ya kahawia, palikuwa na duara jeupe, nono, lililoinama kidogo kama sahani unayoitazama kwa ubavu. Lilikuwa jeupe kuliko kitu chochote kwenye filamu ile isipokuwa misumari.

Filbert alisema filamu imeharibika, ndiyo sababu inatupwa. Akapiga nyingine. Duara likawepo palepale. Akasema basi kuna sarafu imegandia nyuma ya ubao. Akaugeuza ubao, akaupapasa nyuma, hakuna kitu. Akasema labda ndani ya mbao kuna kichwa cha msumari. Magreti alikuwa anakunja mashuka, akaja, akatazama mara moja tu, akasema:

“Hiyo ndonya. Bibi yangu anayo mpaka leo.”

Filbert hakuamini. Magreti akamwonyesha jinsi mdomo wenyewe ulivyovutwa mbele kulizunguka lile duara, ukingo mwembamba mweupe juu na chini, jambo ambalo sarafu haiwezi kulifanya. Kisha akachukua kidole changu, kwa adabu, akakipitisha kwenye ubao, juu ya mdomo wa mama. Rangi imevimba pale. Umeushika ubao ule maisha yako yote, Zuena, na mimi pia, lakini ukifumba macho utalisikia duara zima chini ya kidole.

Halafu Magreti akauliza swali ambalo nilikuwa nalingoja na kuliogopa. Aliuliza kama mchoraji alimchora bibi akiwa na ndonya, kwa nini ikafunikwa? Labda bibi alianza nayo siku ya kwanza, siku ya pili akaivua, na Mzungu akafuata alichokiona. Filbert akatafakari, akasema mashine yake haiwezi kujibu hilo. Inaonyesha kwamba kitu kimefunikwa. Aliyefunika, na sababu yake, haijui.

Nilitoka nje nikasimama kando ya benchi ambalo sasa lilikuwa tupu. Katika watu watatu waliokuwa ndani ya chumba kile, ni mmoja tu aliyejua tangu mwanzo kwamba ndonya ile ipo. Mtu huyo ni mimi.

Sasa nakuomba uketi, kama umesimama.

Mama hakuivua. Alikaa siku zote mbili na ndonya yake mdomoni, akiwa ameisugua udongo asubuhi ikang’aa, kwa sababu aliambiwa anachorwa na alitaka aonekane mwanamke wa mtu. Mimi nilikuwepo siku zote mbili, nikitafsiri. Bwana Kamba aliipenda ndonya ile kuliko kitu chochote kwenye picha, aliipaka mara tatu mpaka akaridhika. Mama akaondoka akarudi nyumbani, nasi baada ya wiki mbili tukashuka Lindi, picha ikiwa imekauka.

Pale Lindi nilikuwa nalala na vijana wenzangu wa shule, watoto wa pwani. Walikuwa wakituita sisi wa bara washenzi, na tusi lao kubwa lilikuwa mdomo wa mama zetu. Walizoea kukunja karatasi wakaibana juu ya mdomo, wakatembea hivyo chumbani mpaka wote wacheke, na mimi nilicheka nao. Bwana Kamba alipoileta picha kunipa, aliniuliza kama nimeipenda. Nikamwambia nimeipenda, ila nikamwomba aiondoe ile ndonya. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akakiweka chini, akachanganya kahawia, akafunika, na aliporudi kwenye kikombe kahawa yake bado ilikuwa ya moto. Uzuri wote alioutengeneza kwa mara tatu uliondoka hivyo.

Niliitundika ukutani na vijana hawakucheka. Nilikuwa na furaha. Nakwambia hili kwa sababu ni kweli.

Kilichofuata unakijua kwa upande uliosimuliwa. Shangazi yetu Zaina, dada wa baba, alikuja Lindi akaiona picha, hakusema neno. Mwaka wa 1917 vita vilipofika kwetu, baba alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Mimi nilikuwa nimekimbilia Ruangwa na sanduku langu, na picha ndani yake. Habari ya kifo ilipofika, tukakaa matanga, na mama, akiwa na mimba yako, akakaa mbele ya Shangazi Zaina angoje kuvuliwa. Shangazi akaagiza picha iletwe. Akaisimamisha mbele ya watu. Akasema:

“Huyu hana haja ya kuvuliwa leo. Alikwisha vua zamani.”

Mama alitazama picha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona tangu siku aliyochorwa. Kisha akasema taratibu, bila kulia, “Mimi sikuivua. Saburi alikuwepo.”

Watu wote wakanigeukia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu, mtu ambaye wazee walimpa nafasi ya kukaa nao. Kama ningesema neno moja mambo yangekwisha. Nikasema, “Mimi sikumbuki vizuri.”

Hayo ndiyo niliyosema, Zuena. Hakuna mtu aliyewahi kukusimulia sehemu hiyo, kwa sababu waliokuwepo waliona ni mtoto anayemsitiri mama yake, wakanisifu kwa huruma yangu.

Mama hakuniuliza kitu, siku hiyo wala baadaye. Aliichukua picha mwenyewe, akaenda nayo kwa mama mdogo huko Mtua, akakuzaa wewe. Ugonjwa ule wa mafua ulipopita mwaka uliofuata, ulimchukua. Alizikwa na ndonya yake mdomoni, kwa kuwa hakuna dada wa mume aliyekubali kumvua. Hata leo sijui kwa nini hakuichoma picha ile, wala kwa nini alimwambia mama mdogo akutunzie. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka thelathini na minne.

Na wewe ukakua ukiitwa binti wa aliyemlilia mume akiwa hai. Nilikusikia ukirudi na machozi kutoka kisimani, nikakufundisha kusoma. Nilijiambia kwamba ni malipo. Sasa jina lile limemfikia Mwanaima, ambaye hata hajui ndonya ni nini, na kwake nikashindwa kujiambia chochote.

Ungeweza kuniuliza mashine ilikuwa ya nini, ikiwa nilijua yote. Nilijiuliza vilevile. Nadhani nilitumaini kwamba filamu itasema badala yangu, nami nitakaa kando kama mtu anayefafanua tu. Yule binti Magreti kwa swali lake alinionyesha kwamba haitoshi. Mtu yeyote angeweza kusema mama alianza nayo akaivua. Filamu ilihitaji shahidi.

Kwa hiyo Jumapili nilikwenda Lionja. Naomba radhi kwamba sikupita kwako kwanza. Niliogopa kwamba nikikuona nitapata sababu ya kutofika. Mzee Mikidadi alinikaribisha vizuri, akaniletea uji. Nikamwomba amwite mama yake, Bi Mwamina, kwa kuwa yeye ni binti wa Shangazi Zaina na maneno yale ameyarithi kwa mama yake. Alikuja akiongozwa na mjukuu, akakaa mbali nami kidogo. Nikawaeleza mambo ya miali na uzito wa rangi, zaidi ya ilivyohitajika, mpaka Mzee Mikidadi akaniambia kwa upole, “Mwalimu, tumeelewa. Tuonyeshe.”

Bi Mwamina aliishika filamu kinyume. Nikamgeuzia. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akaitazama muda mrefu, kisha akaomba ubao, akapitisha kidole mdomoni kwa mama bila mtu kumfundisha. Akasema kumbe ni yake, ileile ndogo yenye ukingo mpana. Alikuwa akimwona nayo utotoni. Halafu akauliza ni nani aliyeifunika.

Nikamwambia. Nikamwambia yote, ya karatasi zilizokunjwa, ya kahawa, na ya yale maneno matatu niliyosema matangani. Amri alikuwa mlangoni, naye alisikia.

Bi Mwamina aliulaza ubao mapajani. Kisha akasema mama yake alifanya dhuluma bila kujua, na atamwombea. Akasema posa iendelee, Mwanaima hana doa, wala mama yake, wala bibi yake. Halafu akanigeukia mimi.

“Lakini wewe hutatupa mke. Mjomba aliyemkana mama yake mbele ya watu, neno lake la kumtoa binti tutalipokeaje?”

Mzee Mikidadi alitaka kumtuliza. Nikamwambia amwache, anasema sawa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, ila hilo sikulifikiria, na kwa kweli liliniuma mahali ambapo sikujua kwamba bado pana uhai. Mimi ni mjomba wa pekee wa Mwanaima, wa tumbo moja na mama yake. Tangu azaliwe nimeingoja siku ya kukaa kwenye jamvi na kuulizwa kama nakubali.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtume mtu kwa Bashiri, mtoto wa mama mdogo, akae nafasi ya mjomba. Ni mtu mtaratibu na anajua maneno ya kusema. Wajumbe wa Lionja watafika kwako Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala. Andaa wali, usiwape ugali, Bi Mwamina hana meno lakini ana macho. Mimi nitabaki Nachingwea, na wakiuliza nilipo, sema ukweli.

Ubao nimemwachia Bi Mwamina mpaka Ijumaa. Aliniomba, na aliahidi kuuleta kwako kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wajumbe. Filamu ninakupelekea ndani ya bahasha hii, katikati ya makaratasi mawili magumu. Usiiguse kwa vidole vyenye mafuta. Ishike kwenye pembe, simama mlangoni asubuhi, jua likiwa mbele yako, utamwona. Mistari iliyopita usoni kama maji ni mbao tu, usihangaike nayo. Unaweza kumwonyesha Mwanaima.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Wala sikuombi unijibu upesi. Nilitaka tu uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia sokoni, maana Lionja nilisema mlango ukiwa wazi.

Nisalimie shemeji Kaimu, mwambie ile dawa ya goti nitampa Saturnini aje nayo safari ijayo. Nisalimie Mwanaima, umwambie namtakia nyumba yenye heri. Nisalimie pia mama mdogo, na kama atataka kunitukana, mwambie ana haki, aagize matusi yake yaje na lori. Filbert na Magreti, usiowajua, wanakusalimu. Walinisisitiza niandike hivyo.

Mungu awalinde wote hapo nyumbani.

Ni mimi kaka yako,

Saburi bin Mohamedi